Mikono ya Mkandaji

Mimi si daktari. Mimi ni mkandaji.
Mwaka wa ishirini na mbili huu nawakanda waendesha baiskeli
katika chumba cha nyuma cha klabu, Geraardsbergen,
chumba chenye harufu ya kafuri na soksi mbichi
na dirisha linaloitazama barabara ya mawe
ikiupanda mlima kama mtu anayetafuta ugomvi.

Jumatatu ililetwa mizani mpya,
ya kioo, nyembamba, inaandika namba kwa taa ya buluu.
Daktari Verbruggen akabandika chati ukutani:
manjano, kijani, nyekundu.
Uzito ugawe kwa kimo, kisha ugawe tena kwa kimo.
Hesabu ya darasa la sita.

Hadewych alipanda wa kwanza.
Kilo sabini na nane; mita moja, sentimita sabini na nne.
"Ishirini na tano nukta nane,"
na kalamu ikaangukia nyekundu: mzito kupita kiasi.
Hadewych akacheka kicheko chake cha buchani,
maana baba yake ana bucha kule Ninove
na mifupa ya ukoo ule ni ya kubebea nusu ng'ombe.
Nimelikanda paja lile. Gumba langu huzama kidogo, kisha hugonga mwamba.
Nani aliyewahi kuuambia mwamba upunguze kula?
Mita mia mbili za mwisho, njia ikiwa tambarare,
hakuna anayemwomba Hadewych namba.
Wanamwomba upenyo.

Yurleidy, wa Boyacá:
kilo arobaini na nne, sentimita mia moja hamsini na tano.
Manjano. Amepungukiwa.
"Unakula lakini?" akaulizwa,
yeye aliyemaliza viazi vya watu watatu Jumapili
akaifuta sahani kwa mkate.
Mama yake yuko vivyo hivyo, na bibi yake,
watu wa milimani, kifua kipana, kiwiliwili kifupi.
Kifundo cha mkono wake nikikizungushia gumba na kidole cha kati,
vidole vinapishana.
Kwa Hadewych havikutani; vinatazamana ng'ambo ya mfupa
kama majirani waliogombania ua.
Chati haikuuliza habari za kifundo.

Akaja Annelore.
Kilo hamsini na nane, mita moja na sabini.
"Ishirini na chenji," daktari akatabasamu. "Kijani. Tazameni mfano."
Tukapiga makofi.
Hata mimi, mara mbili hivi,
kisha mikono ikakataa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Kweli, kitanda changu sikilalii,
lakini migongo inayokilalia naijua.
Mgongo wa Annelore ulijengewa kilo sitini na sita:
mabega mapana, nyonga pana,
nyumba ya vyumba sita
na mwenyewe kazima taa tano.
Julai, jua la saa nane, aliniomba blanketi.
Mikononi ameota malaika, laini, kama wa kichanga,
na malaika hao hawakuja na bishara njema.
Tangu Machi hajauona mwezi wake.
Aliniambia akiwa kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda,
akizungumza na viatu vyangu.
"Ila mlimani siku hizi napaa," akaviambia viatu.

Siku ile sikusema neno. Naandika hili kwa aibu.
Nilifunga chupa ya mafuta, nikaenda zangu nyumbani,
nikala supu, nikalala.

Alhamisi nilibisha kwa daktari.
Sikuwa na namba ya kumpa.
Nilisema: mshike mkono.
Akasema: yuko kijani.
Nikasema: mshike.

Mkono wa daktari ni mkono wa kalamu, mkavu, wa baridi.
Ulipomgusa Annelore, ndio ulioshtuka.

Chati ilibanduliwa; ukutani imebaki gundi.
Mizani ipo.
Hadewych aliichukua akampelekea baba yake apimie soseji,
na kwa soseji, nasikia, haijawahi kukosea.